Msomee Kabla Hajajua Kusoma

Wazazi, walezi na walimu wenzangu, hamjambo.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: mtoto wa mwaka mmoja nimsomee ili iweje, na kitabu chenyewe anakitia mdomoni? Mwache akitafune. Vitabu vya umri huo hutengenezwa kwa kurasa nene kwa sababu wachapishaji wanawajua watoto. Anachokipata mapajani mwako si herufi. Herufi zina wakati wake na zina walimu wake. Anachokipata ni lugha.

Mwaka 1986, watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza usomaji kwa hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kutamka yaliyoandikwa, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sisi wa Kiswahili tunaliona hili waziwazi, maana tunaandika kama tunavyotamka. Mtoto akishazimudu silabi, anaweza kuteremka na ukurasa mzima bila kukwama, watu wazima wakampigia makofi. Ukimwuliza kilichosemwa ni nini, anakutumbulia macho. Silabi anazo, maneno hana. Na maneno hayo hayaanzi kuingia siku ya kwanza ya shule.

Mtasema, mbona tunaongea naye kutwa? Ni kweli, lakini tusikilize tunachosema: njoo, kula, acha, vaa viatu, nimekwambia acha. Hakuna anayemwambia mtoto asubuhi kwamba mbweha alinyemelea, akachungulia uani, kisha akatokomea vichakani. Kitabu ndicho kinachosema hivyo. Hayes na Ahrens walipohesabu maneno adimu ya Kiingereza mwaka 1988, vitabu vya watoto vilikuwa na takriban 31 katika kila maneno 1,000. Mazungumzo ya watu wazima waliosoma hadi chuo kikuu yalikuwa na 17 hivi. Kitabu cha mtoto kimewapita wasomi!

Sasa niingie kwenye namna ya kusoma, kwa sababu hapa ndipo tunapoharibu. Wengi wetu tunasoma kama tunaotoa taarifa ya habari: mtoto atulie, asiguse, tufike mwisho tukalale. Tuchukue ukurasa mmoja tu. Kuna picha ya mbwa chini ya meza. Mtoto anaweka kidole: “Bwa!” Usimsahihishe. Mwambie, “Eeh, mbwa. Mbwa mkubwa amejificha chini ya meza. Anamwogopa nani?” Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe, na ni ngumu; tunauliza, na kabla hajafungua kinywa tumeshajibu wenyewe. Mngojee. Akisema “paka”, hata kama kitabuni hakuna paka, mfuate huko kwa paka.

Njia hii ilipimwa. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi kuuliza, kungoja na kuyaongezea nyama majibu ya mtoto. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto hao walikuwa mbele katika kujieleza kuliko wenzao waliosomewa mara nyingi vilevile, lakini kwa mtindo wa kawaida.

Halafu kuna kile kitabu kimoja anachokitaka kila usiku mpaka unatamani kukificha. Usikifiche. Jessica Horst na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya watoto wa miaka mitatu: waliorudiwa hadithi zile zile walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi tofauti, ingawa maneno hayo waliyasikia mara sawa. Mara ya kwanza mtoto anashughulika na nani kafanya nini. Akishajua hilo, ndipo anapata nafasi ya kusikia neno “kunyemelea”. Kuruka ukurasa hamuwezi, mnajua wenyewe, anakukamata.

Simu je, isisome badala yangu? Kwa wachanga, hapana. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa miezi tisa nchini Marekani sauti za Kichina. Waliokaa na mtu wakicheza na kusomewa walijifunza kuzitofautisha. Waliotazama video ya watu wale wale hawakupata kitu.

La mwisho ni kwa mzazi ambaye mwenyewe hasomi vizuri, na ambaye katika vikao kama hiki huwa anainamisha kichwa. Chukua kitabu cha picha, fungua, simulia unachokiona, uliza, ngoja. Mtoto wa miaka miwili hakukagui kama umefuata maandishi. Kurasa mbili zikimtosha akateremka kwenda kucheza, funga kitabu, msimfukuzie nacho nyumba nzima.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja simu.