Sura Kwenye Chungu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Chungu hiki kimefinyangwa na Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kikaletwa kwa mtumbwi hadi sokoni Matema. Kipitisheni mkono kwa mkono. Mnazihisi alama za vidole? Mfinyanzi ameshaacha picha yake kabla yangu. Ndiyo maana sikubali kubandika picha juu ya chungu kama lebo ya chupa. Nataka iingie kwenye udongo.

Njia yangu ya kuchapa picha ni ya mwaka 1842, ya Mwingereza John Herschel. Unayeyusha chumvi mbili za chuma majini, amonia feri sitreti na potasiamu ferisianidi, unapaka penye mwanga hafifu, inakauka. Unafunga juu yake negativu, yaani picha iliyogeuzwa, penye mwanga pana giza, unatoa juani. Palipopigwa na jua panakuwa bluu. Palipofunikwa panaoshwa kwa maji.

Tumbo la chungu ndilo linalosumbua. Negativu ya kioo hailali pale, kwa hiyo natumia filamu pana, ya sentimita sita kwa sita, maana inapinda.

Lakini kilichoniumiza ni kingine. Chungu kilichochomwa kwa moto wa wazi kinakunywa dawa kama kinavyokunywa maji. Niliosha, nikafurahi. Baada ya siku mbili dawa iliyojificha ndani ikachomoza, weupe wote ukageuka bluu, na sura ya mama aliyekifinyanga ikazama humo. Nilikuwa nimemwahidi. Nilirudi Matema mikono mitupu. Sasa naupaka udongo jelatini nyepesi kwanza, ute unaozuia dawa isizame ndani.

Asiyependa bluu, chai tunayo. Chemsha majani ya Rungwe, yapoe, tumbukiza: tanini, ule ukali wa chai, inaivuta bluu iwe nyeusi. Ukitaka kahawia, tangulia na maji ya magadi, kidogo sana, bluu ififie. Suuza, ndipo chai. Magadi yakizidi, picha yote inaondoka.

Usikirudishe motoni, bluu itaungua, ibaki rangi ya kutu. Na tafadhali, chungu chenye dawa hizi kisipikiwe wala kisiwekwe maji ya kunywa.

Mama yule aliposikia hilo akaniuliza: chungu kisichopikiwa ni chungu? Swali lile lilinikosesha usingizi. Tangu hapo nanunua vilivyopasuka motoni tu, ambavyo angevitupa. Kimoja chenye sura yake kiko kwake, ndani, mbali na jua. Nimemweleza kuwa bluu ikififia, akifunike kwa kanga nzito siku kadhaa. Gizani inarudi.