Kabla Hujambeba Mtoto wa Mbwa Mgonjwa
Mhadhara kwa wakazi wa Njiro, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja na baridi hii ya Julai.

Nimeombwa nizungumze na wanaotaka kuwachukua mbwa waliookotwa, hasa wadogo wenye maradhi ya kudumu. Wengi wenu mmeshampenda mmoja, nawaona. Mapenzi hayo siyapimi. Ninachotaka kujua ni nani anakuwepo nyumbani kwako saa mbili usiku.

Tuanze na kifafa. Dawa yake ya kawaida ni fenobabitoni, ileile wanayopewa binadamu, na kwa kawaida mbwa huipata kila baada ya saa 12: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, Jumapili na sikukuu zote. Ukiikata ghafla kwa kuwa unaona amepona, degedege linaweza kurudi na kupitiliza. Likizidi dakika 5, hiyo ni dharura. Sasa kama wewe ni dereva wa watalii na nusu ya mwezi uko Serengeti, mlezi halisi wa mbwa huyo ni dada wa kazi au mlinzi. Wao wameulizwa? Kwetu hapa jambo huamuliwa sebuleni, kazi ikaangukia uani. Na kama dada ni Mwislamu anayejihadhari na mate ya mbwa, usimtwike kazi hiyo kwa kuwa tu unamlipa mshahara.

Ugonjwa ninaotaka kukaa nao zaidi ni wa umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kuna watoto wa mbwa wanaozaliwa nao umelegea na kutanuka, hausukumi kitu. Dalili huonekana anapoanza kuachishwa ziwa: akila, baada ya muda chakula kinarudi kilekile, hakijasagika. Watu husema anatapika. Tazama tumbo lake. Anayetapika tumbo linakaza na kujikunja. Huyu anainamisha kichwa tu, chakula kinamwagika. Mweleze daktari tofauti hiyo, itamsaidia kuliko maelezo yako mengine yote.

Kinachowaua mbwa hawa mara nyingi ni mapafu. Chakula kikipotea njia, nimonia inaingia. Kwa hiyo analishwa akiwa wima, kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, na akimaliza anabaki wima dakika 15 hadi 20 ili chakula kiteremke kwa uzito wake chenyewe. Marekani walimtengenezea mbwa aliyeitwa Bailey kiti cha kumshikilia wima, na hadi leo kiti hicho kinaitwa kwa jina lake. Fundi seremala yeyote atakuchongea kwa mbao, lakini mwambie aache nafasi, maana huyu bado anakua. Wengine wanapokea uji mzito, wengine vitonge vya nyama. Hapo unajaribu ukiongozwa na daktari. Maji nayo anywe akiwa wima. Bakuli la maji lililoachwa uani linaweza kubomoa kazi ya wiki nzima.

Baadhi yao hupata nafuu wanapokua. Wengine nimonia inarudi na kurudi, na siku hiyo daktari akishauri mnyama apumzishwe bila maumivu, msimwone katili. Mimi pia nimeshatoa ushauri huo.

Hapa naomba utulivu kidogo. Mtoto wa mbwa aliyeokotwa, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, usianze kumfikiria umio. Fikiria kwanza kichaa cha mbwa. Dalili zinafanana, na sisi tunaishi katika nchi ambayo ugonjwa huo bado upo. Usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Mtenge, watoto wasimguse, mwite daktari wa mifugo. Akimuuma mtu, au mate yake yakiingia kwenye mchubuko, osheni hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Msingoje dalili kwa binadamu. Zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Diklofenaki na Brufen msimpe kabisa, na panado msimpe kwa kukisia; dawa za maumivu za nyumbani zimeshaharibu figo na maini ya mbwa wengi waliokuja na tatizo dogo tu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Kupe wa kwetu hawana likizo, kwa hiyo dawa ya kupe ni ya mwaka mzima, hata kwa mbwa asiyetoka getini. Na mbwa mgonjwa bado anahitaji chanjo kama wenzake. Tarehe tu ndizo daktari anaweza kuzisogeza.

Gharama tutaizungumza kwenye maswali, maana inategemea ugonjwa. Ila kabla hujakubali, waombe waliomwokota wakuonyeshe kadi yake na dawa anazotumia, kisha umlishe na kumpa dawa mbele yao. Wakikataa kukuonyesha, hata mimi ningesita.

Chai iko pale nyuma. Aliyekuja na mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo ambebe mikononi, asimshushe sakafuni wala kwenye bustani. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hudumu kwenye udongo kwa miezi, na hapa wameshapita mbwa wengi leo.