Yule Aliyefunga Mikono Nyuma

DAUDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo nimemwomba dada Zuhura tuongelee jambo ambalo amelikwepa tangu tuanze kipindi hiki. Dada, shikamoo kwanza.

ZUHURA: Marahaba. Unaniamkia hadharani ili nishindwe kukukatalia.

DAUDI: Ndiyo hila yenyewe. Haya, yale mablanketi.

ZUHURA: Miaka mingi imepita. Palikuwa na mafuriko, nikajitolea kugawa misaada. Nikakabidhiwa blanketi 40 na kalamu. Foleni ilikuwa na watu zaidi ya 100. Aliyenikabidhi akaniambia, "Wape wanaostahili," akaondoka zake.

DAUDI: Bila kipimo chochote?

ZUHURA: Kipimo kilikuwa macho yangu. Yalipobaki mablanketi kama kumi hivi ndipo nikajishtukia. Nilikuwa nawapa walionishukuru kabla hata hawajapokea. Aliyetokwa na machozi, aliyeniita mwanangu, aliyeniombea dua. Kulikuwa na mzee mmoja kasimama, mikono kaifunga nyuma, shati limelowa mpaka limegandamana na mgongo, hasemi neno. Nikamruka. Na nakumbuka nilichojiambia moyoni: huyu ana kiburi.

DAUDI: Huenda alikuwa anaona haya tu.

ZUHURA: Au baridi imemkausha ulimi. Vyovyote vile, hakuwa amekauka nguo.

DAUDI: Ngoja nikutetee. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo ulikuwa nao.

ZUHURA: Methali hiyo ni ya mtu anayetoa chake, Daudi. Mimi nilikuwa natoa cha watu. Ukitoa chako, kazi yako ni kujiuliza utoe kiasi gani. Ukishika cha wengi, unakuwa hakimu, upende usipende, na hukumu yangu siku ile ilikuwa ya hovyo.

DAUDI: Tuanze na huyo anayetoa chake. Kuna kisa kwenye Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya walimu wa Kiyahudi. Watu wawili wako jangwani, na chombo cha maji kiko mkononi mwa mmoja wao. Wakinywa wote, wote watakufa njiani. Akinywa mmoja, atafika penye watu. Ben Petura anasema heri wanywe wote wafe kuliko mmoja ashuhudie kifo cha mwenzake. Rabi Akiva anakataa: uhai wako unatangulia uhai wa mwenzako.

ZUHURA: Kurani nayo, sura ya 59 aya ya 9, inawasifu wenyeji wa Madina waliowatanguliza wahamiaji hali wao wenyewe wana dhiki.

DAUDI: Kwa hiyo huyo wa Madina angempa mwenzake maji yote.

ZUHURA: Na mwenzake akiwa mwema vilevile atayarudisha! Maji yanakwenda na kurudi hadi wote wafe wakiombana radhi. Lakini mimi nawaelewa wote watatu. Kinachonikera ni kwamba Akiva hutajwa sana na watu wasio jangwani. Hana kiu, hana safari, maji yamejaa pipa, anakwambia uhai wangu kwanza.

DAUDI: Hapo umenigusa. Sasa twende kwa mahakimu. Seattle, Marekani. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner alibuni mrija wa kubaki mkononi mwa mgonjwa, hivyo mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa akaweza kusafishwa damu kwa mashine tena na tena. Kabla ya hapo ugonjwa ule ulikuwa kifo. Kituo kikafunguliwa mwaka 1962, lakini mashine chache, wagonjwa wengi. Madaktari wakachuja kwanza: waliozidi miaka 45 nje, watoto nje. Waliobaki wakapelekwa kwa kamati ya watu saba, wengi wao raia wa kawaida. Mchungaji, mwanasheria, mfanyabiashara wa benki, mama wa nyumbani...

ZUHURA: Na majina yao hayakutangazwa.

DAUDI: Kabisa. Wakawa wanapima: ameoa? Ana watoto wangapi? Kazi gani? Amesoma kiasi gani? Anakwenda kanisani?

ZUHURA: Kanisani! Figo na ibada.

DAUDI: Gazeti la Life likaianika habari hiyo Novemba 1962, na kamati ikabandikwa jina la kamati ya Mungu.

ZUHURA: Mimi sicheki sana, ujue. Wale saba walikuwa mimi. Unapoambiwa "wape wanaostahili", unatafuta mtu anayefanana na picha yako ya mtu mwema. Wao picha yao ilikuwa baba wa familia mwenye kazi na kanisa. Yangu ilikuwa mtu anayeshukuru haraka. Angalau wao walikaa mezani wakabishana. Mimi nilikuwa peke yangu na kalamu.

DAUDI: Ungefanya nini badala yake?

ZUHURA: Kwanza ningeangalia nani baridi itamuua usiku ule. Watoto wachanga, wagonjwa, wazee sana. Hilo halihitaji kumpenda mtu. Halafu, kwa waliobaki na hali zao zinalingana, kura. Vipande vya karatasi kwenye kofia.

DAUDI: Kura? Dada, uhai wa watu tuufanyie bahati nasibu?

ZUHURA: Ilishafanyika, na faida yake tunaila mpaka leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na streptomaisini kidogo tu, dawa mpya ya kifua kikuu. Haikuwatosha wagonjwa wote na nchi haikuwa na dola za kununua nyingine. Basi Baraza la Utafiti wa Tiba likachukua wagonjwa 107 na kuwagawa kwa bahati, 55 wapate dawa na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake. Miezi sita baadaye walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa, na 14 upande wa pili. Matokeo yakatoka mwaka 1948. Kwa kuwa hakuna daktari aliyechagua wa kumpendelea, ikajulikana bila ubishi kwamba dawa inafanya kazi.

DAUDI: Lakini wale 52 hawakuambiwa kwamba wako kwenye jaribio.

ZUHURA: Hawakuambiwa, na hilo silitetei hata kidogo. Mzee wangu ningemwonyesha kofia, angechota kwa mkono wake mwenyewe. Akikosa, anajua amekosa karatasi. Hajapungukiwa na utu.

DAUDI: Nikurudishe Seattle kidogo. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, serikali ikabeba gharama za kusafishwa damu kwa karibu kila mgonjwa wa figo zilizokufa. Mashine zikaongezeka. Miaka mingi watu wazima wamekaa mezani wanachambua nani aishi, kumbe kilichokuwa haba ni fedha, na fedha zilikuwepo.

ZUHURA: Nami sikuwahi kuuliza kwa nini yaliletwa 40. Wala sikuuliza kama kuna stoo mahali imejaa. Nilipewa, nikaanza kuhukumu.

DAUDI: Ingawa uhaba mwingine ni wa kweli. Figo ya kupandikiza haitengenezwi kiwandani.

ZUHURA: Ni kweli. Ndiyo maana nasema uulize kwanza, halafu ugawe. Ukikuta ni haba kwelikweli, haya, kofia.

DAUDI: Hujatumalizia. Yale kumi ya mwisho uliyafanya nini? Ulipojishtukia, ulirudi kwa yule mzee?

ZUHURA: Sikurudi. Foleni yote ilikuwa inanitazama, nikaona aibu kugeuza utaratibu. Nikaendelea vilevile.

DAUDI: Yakaisha yote 40?

ZUHURA: Niligawa 38. Mawili tulijiwekea sisi tuliojitolea. Tulisema tumechoka, nasi tumelowa.

DAUDI: Hilo hukuwahi kuniambia.

ZUHURA: Ndiyo maana nilikuwa nakukwepa. Kwetu hapakuingia maji, Daudi. Nilifika, nikabadilisha nguo, nikajifunika lile blanketi. Lilikuwa zito, zuri. Nikalala.