Lida Kabla ya Ndoana

SALMA: Assalam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunafunga lida, ule uzi mnene unaounganishwa mbele ya mshipi mwembamba wa kuvulia, na mezani hakuna karatasi. Kuna nailoni mbili, nyembamba na nene, mkasi na chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoana, ya gramu 150. Mwenye vyombo ni Ami Bakari. Shikamoo, Ami.

BAKARI: Marahaba, mwanangu. Hebu ishike hiyo chubwi.

SALMA: Ndogo, lakini inavuta mkono.

BAKARI: Sasa piga picha rodi, fimbo ya kuvulia, ya mita nne, mtu mzima anairusha kwa nguvu zake zote. Wakati rodi inapinda, mshipi unabeba mzigo unaozidi uzito wa chubwi mara nyingi sana. Nailoni ya milimita 0.35, ambayo wengi tumejaza kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inabeba kilo nane hivi. Ikikatika pale, chubwi haina mwenyewe tena. Inakwenda inakotaka.

SALMA: Wewe imewahi kukukatikia?

BAKARI: Imenikatikia pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, upande wa mawe. Nilikuwa na haraka, maji yameanza kutoka, nikasema lida nitafunga kesho. Nikarusha. Nikasikia mlio kama wa bakora. Chubwi haikwenda mbele, ilipita ubavuni ikagonga ukuta nyuma yangu. Mahali pale, muda mfupi kabla, mama mmoja alikuwa amekaa na wanawe wanakula mihogo. Nilikunja rodi nikarudi nyumbani. Siku ile sikuvua.

SALMA: Subhanallah. Na watu wengi wanadhani lida ni ya samaki mkubwa, akija kolekole asikate.

BAKARI: Samaki anafaidika, na mwamba wa matumbawe ukikwaruza, uzi mnene unastahimili zaidi. Lakini lida ya kurushia kazi yake ya kwanza ni kubeba ule mrusho. Ni kwa ajili ya walio nyuma yako na pembeni yako. Ndiyo maana naifunga kabla hata sijagusa ndoana.

SALMA: Haya, unene tunaujuaje?

BAKARI: Wavuvi wa ufukweni Uingereza wana hesabu yao: ratili 10 za nguvu kwa kila wakia moja ya chubwi. Chubwi ya wakia 5, lida ya ratili 50. Maboksi mengi ya nailoni yameandikwa ratili, kwa hiyo ni rahisi. Ukitaka kilo, mimi nasema kila gramu 30 za chubwi, kilo 5 za lida. Hii uliyoshika, 150, inataka kilo 25. Ukiona boksi lina pungufu, liache dukani.

SALMA: Na urefu?

BAKARI: Simama kama unataka kurusha, chubwi inaning'inia. Lida itoke kwenye chubwi, ipite ncha ya rodi, ishuke mpaka kwenye rili, halafu izunguke bobini, pale uzi unapokunjwa, mara sita hadi nane. Hapo ndipo wengi wanapobana. Mtu anaweka mzunguko mmoja, basi mzigo wote unaangukia fundo na ule uzi mwembamba, na lida imekuwa pambo. Kwa rodi ya mita nne mimi nakata mita tisa, maana nitapunguza kila nikifunga upya.

SALMA: Tufunge. Mimi nafuata mkono wako.

BAKARI: Chukua ncha ya uzi mnene, ipige fundo moja la kawaida, usilikaze. Pitisha uzi mwembamba ndani ya fundo hilo. Vuta kama shubiri mbili. Sasa kaza fundo la uzi mnene, polepole, libane bila kuuponda ule mwembamba. Halafu ule mwembamba ulaze sambamba na lida, urudishe ufanye kitanzi, uzungushe ncha yake ndani ya kitanzi mara sita, ukizikumbatia nyuzi zote mbili.

SALMA: Moja, mbili, tatu… sita. Nivute?

BAKARI: Lowesha kwanza. Mate yanatosha. Nailoni kavu ikisuguana inapata moto na kuungua, wala huoni kwa macho.

SALMA: Nimesahau, nimeshavuta.

BAKARI: Basi funga kitambaa mkononi, ulijaribu fundo lako.

SALMA: Limekatika! Na sikutumia nguvu nyingi.

BAKARI: Tazama ncha ilipokatikia. Imejikunja kama nywele iliyopitiwa na moto. Ndiyo nailoni iliyosuguliwa kavu. Kata, anza upya.

SALMA: Wakati nafunga, tuambie wale wa uzi wa kusuka.

BAKARI: Uzi wa kusuka unateleza, ongeza mizunguko ifike hata kumi. Na asirushe bila lida hata siku moja. Ule uzi kwenye kidole ni wembe. Kidole kinatakiwa kishike lida tu.

SALMA: Na zile lida zilizochongoka, zinazoanza nyembamba zikaishia nene?

BAKARI: Nzuri kwenye mchanga, kama Diani, hasa bahari ikijaa mwani. Fundo lake ni dogo, majani hayalipati pa kujishikiza. Kwenye mawe yetu siziamini, ile sehemu nyembamba inakwaruzwa upesi. Na lida yoyote, kila ukivuta chubwi kutoka mwambani, ipitishe kati ya vidole viwili kutoka chini hadi juu. Ukihisi chembe ya ukwaru, kata hapo hapo na ufunge upya.

SALMA: Tayari, Ami. Sita, na nimelowesha.

BAKARI: Vuta pande zote mbili. Mafundo yakutane… hivyo. Punguza mikia, uache milimita mbili. Sasa jaribu.

SALMA: Navuta… Navuta kweli. Halisogei.

BAKARI: Ukilizungusha kwenye rili, likae ukingo wa chini wa bobini, mizunguko inayotoka isiligonge.

SALMA: Maji yanajaa saa ngapi leo?

BAKARI: Saa kumi na nusu. Beba hiyo hiyo uliyofunga, tutairusha pamoja. Nitasimama nyuma yako.