Sinema Uwanjani, Picha Ukutani: Kupanga Msimu wa Sanaa Mjini

SALMA: Karibuni kwenye kipindi. Msimu wa sanaa uko mlangoni: sinema ya wazi, maonyesho ya uchoraji, tamasha la muziki, usiku wa mashairi. Leo hatusomi ratiba. Tunaangalia ratiba yenyewe inavyopangwa katika mji wa ukubwa wa wastani, na inapoharibikia. Kaka Musa, habari za huko?

MUSA: Njema, dada Salma. Nianze na kalenda, maana mambo mengi hufia hapo kabla hata tiketi hazijachapwa. Jiji kubwa lina kumbi tele. Mji wa wastani mara nyingi una ukumbi mmoja wa maana, seti moja ya spika kubwa, na mafundi sauti wachache wanaoaminika. Kwa hiyo matukio mawili yanaweza kuwa na tarehe tofauti na bado yakagongana.

SALMA: Yagongane vipi na kila moja lina siku yake?

MUSA: Tamasha linaisha Ijumaa saa sita usiku. Sinema ni Jumamosi jioni, na spika ni zilezile. Kuna kuzishusha, kuzipakia, kuzisafirisha, kuzifunga upya na kupima sauti. Wanaoifanya kazi hiyo hawajalala. Ndipo waya unachomekwa pasipo pake, na onyesho linaanza na mvumo mzito ambao hakuna anayejua unatoka wapi. Dawa yake ni kuandika siku tatu kwa kila tukio: ya kufunga mitambo, ya onyesho, na ya kuifungua mitambo na kuiondoa. Ukiandika ya onyesho peke yake, kalenda inakudanganya.

SALMA: Na waandaaji wakutane mapema, kila mmoja na karatasi yake. Watazame mitihani ya shule, na watazame Ramadhani, kwa sababu kila mwaka inatangulia kwa siku 10 au 11. Wikiendi iliyojaza watu mwaka jana huenda mwaka huu ikaangukia ndani ya mfungo.

MUSA: Haya, twende uwanjani. Kwangu sinema ya wazi ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Watu wanaona shuka jeupe na projekta, basi.

SALMA: Saa ya kuanza kwanza, tafadhali.

MUSA: Tafuta saa ya jua kuzama kwa tarehe ile ile, si ya mwezi uliopita. Karibu na ikweta giza huingia upesi, dakika 30 hadi 45 zinatosha. Ukiwa mbali na ikweta wakati wa kiangazi, unaweza kusubiri saa nzima au zaidi. Anayeanza mapema kwa kuogopa watu kuchoka anaonyesha robo saa ya kwanza ya filamu bila mtu kuona kitu.

SALMA: Na ukubwa wa skrini? Kila mwandaaji anataka kubwa.

MUSA: Hapo pana hesabu. Skrini ya kawaida ya filamu yenye upana wa mita 4 ina urefu wa mita 2.25, eneo lake ni mita za mraba 9. Ongeza upana uwe mita 6, eneo linapanda hadi karibu 20. Umeongeza nusu tu ya upana, lakini mwanga uleule umetandazwa mahali pakubwa zaidi ya mara mbili. Projekta ya lumeni 5,000, yaani kipimo cha mwanga inaoutoa, inaimudu skrini hiyo ya mita 6 kwenye giza la kweli. Taa ya barabarani ikiwa inamulika skrini, nyeusi zote zinageuka kijivu, na filamu yenye mandhari ya usiku inakuwa mchezo wa kubahatisha. Mbalamwezi haina neno. Taa ndiyo adui. Kaombe izimwe, au geuza skrini iipe taa mgongo.

SALMA: Projekta inakaa umbali gani?

MUSA: Soma uwiano wa lenzi kwenye karatasi zake, uuzidishe na upana wa skrini. Uwiano wa 1.5 kwa skrini ya mita 6 ni mita 9. Maana yake projekta itakaa katikati ya watu. Ipandishe juu ya vichwa kwenye meza imara, na uzungushie kamba, la sivyo kila anayekwenda kununua maji atatembea ndani ya filamu. Usiiweke chini ukaiinua mdomo: picha inapanuka juu na kubana chini, na ukiirekebisha kwa kitufe unapoteza sehemu ya picha na mwanga.

SALMA: Upepo?

MUSA: Skrini ni tanga, dada. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiipiga usoni skrini ya mita za mraba 20, unaisukuma kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 120. Kamba ziwe mbele na nyuma, si nyuma peke yake, maana upepo hugeuka. Ardhi ikiwa laini usiamini vigingi. Pipa la lita 200 lililojaa maji ni kilo 200, funga hapo. Na awepo mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema "shusheni" bila kuitisha kikao.

SALMA: Mimi nitaje sauti, kwa sababu ndipo watu wa nyuma wanapoonewa. Uwanja ukiwa mrefu, huongezwa spika za pili katikati. Sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde, umeme kwenye waya unafika papo hapo. Spika zilizo mita 30 kutoka za mbele zitasema mapema, kisha sauti ya mbele inakuja nyuma yake. Mtu anasikia kila neno mara mbili, anasema spika mbovu. Spika ni nzima! Zicheleweshe milisekunde 88, uongeze 10 au 15 ili sikio liendelee kuona sauti inatoka kwenye skrini.

MUSA: Na haki za filamu. Kuwa na diski, au kulipia huduma ya kutazama nyumbani, hakukupi ruhusa ya kuonyesha hadharani, hata kama hakuna kiingilio. Ruhusa ya hadhara inaombwa kando kwa msambazaji. Ukipewa nakala ya kidijitali ya majumba ya sinema, huwa inakuja na ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi kwenye seva moja tu iliyotajwa, yaani kompyuta inayochezesha filamu, kwa saa zilizotajwa. Omba ufunguo uanze angalau siku moja kabla. Ukianza saa ileile ya onyesho, huwezi kujaribu chochote, na seva ikibadilishwa dakika za mwisho, filamu haifunguki.

SALMA: Maonyesho ya uchoraji nitayapitia haraka. Kitovu cha kila picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Msumari hesabu hivi: picha ina urefu wa sentimita 80, nusu yake 40, waya wa nyuma ukivutwa unabaki sentimita 6 chini ya ukingo wa juu. Basi 145 jumlisha 40 toa 6, msumari unakaa 179. Tumia misumari miwili kwa kila picha, vinginevyo inapinda kila mlango ukibamizwa. Michoro ya karatasi na rangi za maji isimulikwe zaidi ya laksi 50, yaani kipimo cha mwanga unaoifikia picha. Ya mafuta huvumilia 200.

MUSA: Tumalize na bango. Wengi huandika "7:00" wakanyamaza. Huyu anasoma saa saba mchana, yule saa moja usiku. Andika "saa 1:00 usiku", na utenganishe saa ya milango kufunguliwa na ya onyesho kuanza.

SALMA: Na mvua ikinyesha?

MUSA: Iandikwe palepale kwenye bango: tunahamia wapi, au tunaahirisha hadi lini, na uamuzi utatangazwa saa ngapi. Saa kumi alasiri ni nzuri kwa onyesho la saa moja.

SALMA: Namba ya simu je?

MUSA: Iwe ya mtu atakayekaa nayo mkononi siku hiyo. Si ya fundi sauti.