Barabara Namba 190 ya California: Namba Moja, Vipande Viwili

Walimu wenzangu, wanafunzi, wageni wetu, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie barabara za majimbo ya Marekani. Badala ya kuzunguka nchi nzima, nitakaa kwenye moja tu, namba 190 ya California, kwa sababu inatufundisha mengi kuhusu nani hasa huamua barabara ipite wapi.

Ukiitafuta kwenye ramani utaiona mara mbili. Kipande cha magharibi kinaanzia Tipton, bondeni kwenye mashamba, kinapita Porterville penye michungwa, kisha kinapanda kwa kona nyingi hadi Quaking Aspen, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo namba inakoma. Lami inaendelea kuelekea kusini, lakini hiyo ni barabara nyingine ya msituni. Kipande cha mashariki kinaanzia Olancha, upande wa pili wa milima ya Sierra Nevada, kinakata jangwa hadi Furnace Creek, ambako ardhi iko chini ya usawa wa bahari, na kuishia Death Valley Junction.

Ndege akiruka kutoka Quaking Aspen hadi Olancha atakwenda kama kilomita 50. Dereva hana njia hiyo. Kiangazi anaweza kupita Sherman Pass, upenyo kati ya vilele, kwa barabara nyembamba ya mlimani. Theluji ikianguka hiyo hufungwa, naye hulazimika kurudi bondeni, kuzungukia Bakersfield na kuvukia Walker Pass. Na kutoka Sherman Pass kwenda kaskazini hakuna gari linaloweza kuvuka milima ile mpaka Tioga Pass, zaidi ya kilomita 200 mbele. Katikati ya pengo hilo kuna Mlima Whitney, wenye mita 4,421.

Vipande hivi havikuzaliwa pamoja. Sehemu muhimu ya kile cha mashariki ilianzishwa na mfanyabiashara, Bob Eichbaum, aliyetaka kujenga hoteli ya watalii katikati ya jangwa. Hoteli bila barabara haina mgeni, kwa hiyo akapata kibali cha kaunti ya Inyo, akachonga barabara ya kulipia kupitia Towne Pass, na mwaka 1926 akafungua hoteli yake Stovepipe Wells. Death Valley, bonde la jangwa hilo, ilipowekwa chini ya ulinzi wa serikali ya shirikisho mwaka 1933, barabara ya kulipia ilikuwa imepitwa na wakati, na katika miaka hiyo ya 1930 jimbo likaichukua.

Ni katika miaka hiyohiyo wabunge wa California walipochora mstari mmoja kutoka Tipton hadi jangwani. Kwenye karatasi mlima haukuwazuia. Magari yangepita nyanda za juu za mto Kern, kisha yashuke Olancha Pass. Lakini upande wa mashariki Sierra inasimama kama ukuta: kutoka mji wa Olancha hadi kwenye upenyo huo unapanda takriban mita 1,700 ndani ya kilomita chache. Fedha nyingi, theluji nyingi, wasafiri wachache. Kazi ikawa inaahirishwa.

Kilichofunga mjadala ni sheria. Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria ya mapori yasiyoguswa, inayokataza barabara za kudumu ndani ya maeneo yatakayotangazwa. Mwaka 1978 likatangazwa pori la Golden Trout, lenye jina la samaki wa rangi ya dhahabu wa mito ile, na mwaka 1984 pori la South Sierra. Mstari wa 190 ukawa umezibwa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kaskazini zaidi, Minaret Summit, kulikuwa na mpango mwingine wa kuvusha barabara. Mwaka 1972 gavana wa California alipanda farasi, akaingia milimani na kutangaza kwamba anaupinga. Gavana huyo alikuwa Ronald Reagan, mwanasiasa ambaye wengi hawakumhesabu miongoni mwa watetezi wa misitu. Miaka 12 baadaye, akiwa rais, ndiye aliyetia saini sheria iliyozaa South Sierra. Mimi nayaheshimu sana maamuzi hayo mawili.

Pengo limeacha alama hata kwenye vibao. California huhesabu maili upya kila barabara inapoingia kaunti mpya. Pale Olancha, kaunti ya Inyo, hesabu ya 190 haianzi sifuri. Inaanzia karibu na 10. Maili za mlimani ambazo hazikujengwa zilishahesabiwa.

Wala kilichojengwa hakina amani. Agosti 2023 mabaki ya kimbunga Hilary yalimwaga Furnace Creek milimita 56 kwa siku moja, takriban mvua ya mwaka mzima, maji yakala lami, na barabara ikafunguliwa tena Oktoba.

Bado kifungu cha 490 cha sheria ya barabara za California kinaieleza 190 kama njia moja, kutoka karibu na Tipton hadi karibu na Death Valley Junction. Wapo wanaotaka kila kipande kipewe namba yake ili madereva wasichanganyikiwe. Mimi ningeiacha namba, nikarekebisha kifungu: kiandike waziwazi kwamba katikati kuna pori, na kwamba halitakatwa.