Tangi la lita 20: maji yakomae kwanza, samaki baadaye

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunaanzisha tangi dogo la lita 20 hapa Kisumu. Mimi nauza gapi, samaki wadogo wa urembo, na matangi, na mteja akitaka vyote siku moja, namwachia aondoke na tangi peke yake. Samaki wake namwekea.

Tangi limeoshwa kwa maji matupu, bila sabuni, na liko juu ya meza isiyoyumba, mbali na jua la dirishani. Changarawe pia imeoshwa. Lakini kabla hujaimwaga ndani, sogea karibu. Hii ni siki ya jikoni. Nadondosha matone mawili kwenye jiwe hili jeusi: kimya. Sasa hili jeupe… mnaona povu? Tega sikio, linachemka kabisa. Lina chokaa, na chokaa itapandisha alkali ya maji. Weka kando. Ndugu zangu wa Nakuru, hili liwahusu zaidi, maana maji mengi ya visima vyenu tayari yana alkali, na alkali ikipanda, amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, nayo inakuwa kali zaidi.

Maji sasa. Ya bomba hapa mjini, yawe yametoka mtambo wa Dunga au wa Kajulu, yametiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu. Yaache kwenye ndoo wazi mchana kutwa na usiku kucha ili klorini itoke, ndipo umimine. Maji ya ziwa usitumie, wala mimea uliyong'oa ufukweni. Konokono wa ziwani hubeba kichocho, na mikono yako itaingia humu kila wiki.

Kichujio ni hii sponji tu, na pampu ya hewa. Pampu ikae juu kuliko maji. Mimi yangu iko kwenye rafu, na mrija unashuka… Ngoja. Stima imepotea. Usizime kamera, washa tochi ya simu. Njoo huku kwenye mrija, karibu zaidi. Mnaona maji yanavyorudi ndani ya mrija? Yamepanda, yamepanda, yamesimama hapa, sawa na usawa wa tangi. Kama pampu ingekuwa sakafuni, maji yangeweza kushuka mpaka ndani yake, na kutoka hapo mpaka kwenye soketi. Basi pampu juu, jamani. Tuendelee na tochi.

Samaki hutoa amonia kwenye kinyesi na kupitia matamvua. Ziwani inasambaa, kwenye lita 20 inajikusanya na kumchoma. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, lakini nitriti nayo ni sumu, huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Hawa bakteria wanakaa kwenye sponji na changarawe. Hao ndio tunaowafuga kwanza, na wanahitaji chakula.

Chakula chao ni hiki: omena (dagaa) wawili wakavu, wasio na chumvi. Waoze humo, watoe amonia. Wafunge kwenye soksi ya nailoni ili wasisambae. Usitumie kipande cha chandarua! Chandarua cha mbu kimetiwa dawa, na dawa hiyo inaua samaki. Nimesema soksi.

Stima imerudi, asante.

Sasa ni kusubiri, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Joto la Kisumu linatusaidia. Nakuru usiku kuna baridi, kwa hiyo weka hita, digrii 25 hivi. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, kiweke kando ya yako, muda utapungua sana.

Kila baada ya siku chache unapima amonia na nitriti. Maji kwenye kichupa, matone ya dawa ya kupimia, tikisa, subiri, linganisha rangi. Hapa kwenye kamera naona kijani… hapana, ni hii taa. Twende dirishani. Ona, ni njano. Rangi isomwe kwa mwanga wa mchana.

Sasa nisikilizeni. Amonia itapanda, halafu itashuka mpaka sifuri, na hapo ndipo watu hukimbilia dukani. Usinunue samaki bado. Pima nitriti. Siku hizo nitriti inakuwa juu kabisa, na maji yanang'aa kama ya chemchemi. Macho hayawezi kukuambia chochote. Amonia sifuri na nitriti ipo: bado. Amonia sifuri na nitriti sifuri: ongeza chakula kidogo, upime tena kesho yake. Zote mbili zikibaki sifuri, na nitrati imeonekana, tangi limekomaa.

Shati nimebadilisha kwa sababu hii ni wiki nyingine kabisa. Soksi nimeitoa, nusu ya maji nimebadilisha, nitriti sifuri, nimepima mara mbili.

Nani aingie? Samaki beta mmoja, peke yake. Au gapi madume watano. Madume tu, kwa sababu jike anazaa karibu kila mwezi, na huhifadhi mbegu za dume, kwa hiyo hata ukimnunua peke yake anaweza kuendelea kuzaa. Mimi napenda gapi wenye mkia wa samawati, hao nawatazama bila kuchoka. Samaki wa dhahabu, hapana, hukua sana na huchafua sana. Fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, pia hapana, hupigana. Na samaki usiowataka usiwamwage ziwani kamwe. Mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula wenzake, aliingizwa humo miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu zikatoweka.

Mfuko uelee dakika 15, kisha ongeza maji ya tangi humo kidogo kidogo. Mchote samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage. Leo wanaingia wawili. Watatu waliobaki wiki ijayo, nitriti ikiwa bado sifuri.

Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Kila wiki badilisha lita tano kwa maji yaliyolala ndooni. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya maji hayo uliyoyatoa tangini. Si bombani. Klorini ya bomba itaua bakteria uliowafuga wiki zote hizi, na utarudi kwenye nitriti samaki wakiwa ndani. Sponji, maji ya tangi, kamua mara mbili tatu, irudishe.